Siku Aliyobisha Mama wa Wifi

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kumtambulisha mke wa kaka yangu kwa wageni. "Huyu mke wa mwanangu," alikuwa akisema, "kasilimu." Hakusema kwamba ni muuguzi, wala kwamba ndiye aliyepika vyote vilivyokuwa mkekani mbele yao. Kasilimu, basi. Alilitamka neno hilo kama watu wanavyosema fulani ana sukari, ili wengine wajue na waangalie. Wifi yangu alikaa nasi Darsait, hapa Maskati, miaka tisa, na miaka yote hiyo tisa kwa mama yangu alikuwa kasilimu jana.

Kwao ni Singida. Kaka yangu alimkuta Dar es Salaam, alikokwenda kwa shughuli zake za biashara akashikwa na malaria, akalazwa katika zahanati ndogo ambamo yule dada alikuwa akifanya kazi. Kwetu watu walisema kabadili dini apate mume wa Uarabuni. Mimi pia nilisema. Ukweli ni kwamba siku alipomchoma kaka yangu sindano ya kwanza, alikuwa na miaka mitatu katika Uislamu, peke yake, mtu wa kwanza katika ukoo wao wote. Babake alimfukuza kwa fimbo mbele ya majirani, akaapa hatamtaja tena, na mpaka anaingia kaburini hakumtaja. Mama yake ndiye aliyekuwa akimpigia simu kwa kificho, kutoka nyumba ya jirani. Haya aliniambia mwenyewe mwaka wake wa kwanza kwetu, tukichambua mchele, wakati bado alidhani mimi na yeye tutakuwa kitu kimoja.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi kwa mama bila mtoto. Nilikuwa karani serikalini, kule Maskati ya zamani. Asubuhi naendesha gari kwa njia ya pwani, alasiri nimerudi, na jioni ni ndefu. Mtu aliyeachwa anatafuta wa kumzidi. Wifi yangu alikuwa pale pale, jikoni.

Mama alikuwa akisimama mlango wa choo kumwangalia anavyotia udhu. Alimsahihisha kisomo mbele ya wageni. "Kh," alikuwa akimwambia. "Si h, mwanangu. Kh! Itoe kooni, kama unataka kutema." Wifi alijaribu, na kadiri alivyojaribu ndivyo koo lilivyozidi kumkauka. Sisi hizo kh na gh tumezaliwa nazo, hatukuzitolea jasho hata siku moja. Siku moja walinijia marafiki wawili wa kazini, nikawaigizia jinsi wifi anavyosoma. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilipogeuka alikuwa mlangoni na sahani ya sambusa. Akaiweka chini, akasema, "Zingali moto, wifi," akarudi jikoni. Sikumwomba radhi. Nilimkasirikia kwa kutembea bila kutoa sauti.

Jumatatu baada ya alasiri nyumbani kwetu kulikuwa na darsa ya wanawake. Walikuja kumi, kumi na wawili, wengi wao watu wa Unguja kama mama, wengine wazee wao walikuwa na maduka bara. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayesoma Kiarabu kutoka kitabuni kisha akatufasiria kwa Kiswahili. Mwaka ninaousimulia walikuwa wakisoma habari za wanawake waliosilimu mwanzo kabisa, kule Makka, dini ikiwa bado changa na watu wake wanahesabika. Tulisikia habari za mjakazi aliyelazwa juani na kuteswa mpaka akauawa kwa kukataa kurudi nyuma. Tulisikia za wanawake waliotengwa na baba zao, walionyang'anywa watoto, waliovuka bahari kwenda Habash kwa sababu nyumbani hapakaliki. Wageni wetu walilia. Mama alikuwa akiweka boksi la karatasi laini katikati ya zulia, kwa ajili ya machozi, na lilikuwa likiisha.

Wifi ndiye aliyepitisha kahawa. Akimaliza anakaa karibu na mlango, miguu ameikunja chini yake, anasikiliza kuliko sote. Siku moja mwalimu alimgeukia akamuuliza, "Na wewe, mwanangu, wazee wako wako wapi?"

Mama akawahi kujibu. "Walikufa zamani, maskini. Yatima huyu."

Wanawake wakasikitika kwa sauti. Wifi alikuwa ameshika sinia na hakuinua uso. Baadaye, tukiosha vikombe, aliniambia, "Mama yangu yuko hai, wifi. Jana nimezungumza naye."

"Najua," nikasema. "Lakini umeelewa kwa nini amesema vile."

"Sijaelewa," akajibu, na kweli alikuwa akinisubiri nimweleze. Nilifungua bomba la maji nikaendelea kuosha.

Mama alisema vile kwa sababu ilikuwa rahisi. Yatima hana wageni. Hakuna atakayeuliza wazee wa mkwe wako wanaabudu nini, kama hawapo.

Mwaka mmoja baada ya babake kufa, wifi alianza kuomba mama yake aje kumtembelea. Binti yake na kaka yangu alikuwa ametimia miaka saba, na yule bibi hajamwona ila kwenye picha. Alianza kuomba kabla ya Ramadhani, na jibu lilikuja baada ya Idi Kubwa. Nakumbuka vizuri kwa sababu tulikuwa tunakula. Kaka yangu alikuwa akichambua samaki mwiba mwiba, akimwekea mtoto nyama pembeni ya sahani.

"Sikatazi mtu kumwona mamake," mama alisema. "Lakini mwenye msalaba shingoni halali kwangu mimi. N'nasali humu ndani. N'nasomesha watu humu ndani."

"Hatakuwa na shida, mama," wifi akasema. "Hata jikoni atalala."

"Jikoni ndiko n'nakopika."

Kaka yangu aliendelea kuchambua samaki. Ni mtu mwema, kila mtu atakwambia, na wema wake wote ni wa kunyamaza. Siku chache baadaye alikodi chumba chenye samani juu ya duka la fundi cherehani, ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu. Ikakubaliwa kwamba mzee atakaa kule siku kumi, na Ijumaa moja atakuja kula chakula cha mchana, tukiwa sisi tu. Mtoto ataambiwa siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo asiambiwe, maana mtoto hajui kufunga mdomo na Jumatatu ina watu.

Aliwasili Jumamosi. Wifi alikwenda kumpokea uwanja wa ndege peke yake kwa teksi, kaka alikuwa na kazi. Jumapili nilimwona wifi akivuka barabara mara nne na vyakula kwenye kikapu. Alikuwa akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu aje kwetu.

Jumatatu, mwalimu alikuwa ameshaanza kusoma kengele ilipolia. Nilikwenda mimi. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mnene kidogo, amevaa kitenge na juu yake sweta la sufu, katika joto lile la kwetu ambalo hata paka hawatembei. Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka kwenye kilemba. Mkononi alibeba ndoo ndogo ya plastiki iliyozungushiwa utepe wa gundi. Msalaba ulikuwepo, wa mti, mdogo kama kitufe, kwenye uzi mweusi.

"Hodi, mwanangu," akasema. "Hapa ndipo anapokaa binti yangu?"

Sura ilikuwa ile ile. Hata kama asingesema ningejua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Niliambiwa ningoje Ijumaa." Akacheka akifunika mdomo, hivyo hivyo kama wifi. "Nimeshindwa. Pale dirishani panaonekana. Nimemwona mtoto anashuka kwenye basi la skuli, na mkoba mkubwa kuliko yeye. Nikasema basi, nishuke tu, nimwone, nirudi."

Nyuma yangu mlango wa sebule ulikuwa wazi. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wakituangalia, na mama yangu katikati yao. Ningeweza kumwambia yule mzee asubiri uani. Ningeweza kumwita wifi kwa sauti. Nilishika ndoo, nikamwambia "Karibu ndani," nikaingia naye.

"Mgeni gani huyo?" akauliza mmoja wa wanawake.

Hakuna aliyenifundisha la kusema. Mama hakuniashiria. Nalisema hili kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba aliniashiria. "Huyu alikuwa yaya wa wifi," nikasema. "Alikuwa mtumishi kwao zamani. Kaja kumsalimia."

"Maskini! Mpaka leo anamkumbuka," wakasema. Mmoja akasogea kidogo kumpisha, lakini si sana.

Yule mzee aliniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayejiuliza kama amesikia vizuri. Wakati huo wifi akatokea jikoni na dele la kahawa, binti yake nyuma yake anatafuna biskuti. Wifi akasimama.

"Yaya wako amekuja," nikamwambia, haraka, ili apate kujua tumefikia wapi.

Alimtazama mama yangu. Mama yangu alikuwa akiweka sawa shela lake, anasubiri. Mtoto akavuta nguo ya mamake. "Mama, huyu nani?"

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia kifuniko cha dele kikigongagonga mkononi mwake.

"Msalimie," wifi akasema. "Ni mtu aliyenilea."

Mtoto akasogea, akasema shikamoo kama alivyofundishwa. Yule mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama sana, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu," na wanawake wakatabasamu, maana kila mzee humwita hivyo kila mtoto. Kisha akawageukia wao. "Ndiyo," akasema. "Nimemlea."

Wifi akamkalisha pale pake, karibu na mlango. Akammiminia kahawa, akamwagia kidogo kwenye kitenge. Mzee akapangusa kwa kiganja. Hawakuangaliana.

Mwalimu, ambaye hakujua lolote, akaendelea na habari aliyokuwa ameianza. Ilikuwa ya mmoja wa wale wanawake wa mwanzo, binti wa nyumba kubwa, aliyehamia Madina na mume wake. Mama yake alibaki Makka katika dini ya wazee. Siku moja mama yule akafunga safari kumfuata binti yake, na zawadi mkononi, zabibu na samli. Binti akamwacha nje. Hakumfungulia mlango wala hakupokea zawadi, kwa kuchelea dini yake, mpaka atakapopata jibu kutoka kwa Mtume.

Hapo mwalimu akatua ili afungue ukurasa mwingine. Yule mzee wa Singida, ambaye alikuwa akisikiliza, kikombe mkononi, akauliza, "Na yule mama, alingojea wapi?"

Wote wakageuka. Si kawaida mtu kuuliza katikati.

"Nje, mama," mwalimu akasema kwa upole. "Mlangoni."

"Juani?"

"Sijui. Haikusemwa."

"Mwishowe alimfungulia?"

"Alimfungulia. Mtume alimwambia amtendee wema mamake. Akamwingiza, akapokea alivyoleta."

"Hapo sawa," mzee akasema, akanywa kahawa yake.

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. "Tazama dini yetu ilivyo," mmoja akasema. Na mama yangu, wallahi nilimsikia kwa masikio yangu, akasema kwa sauti kuliko wote, "Hapana mfano wa mama. Hapana." Akachukua karatasi kutoka kwenye boksi akajifuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli.

Darsa ilipokwisha, mzee aliinuka pamoja na wengine, akamgusa tena mtoto kichwani, akaondoka. Wifi alimsindikiza mpaka ng'ambo. Mama akaniita chumbani.

"Umefanya vizuri," akaniambia. "Ulimi wako mwepesi." Tangu niachwe hakuwa amenisifu kwa kitu chochote. Nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilifurahi kama mtoto aliyeshinda mtihani.

Kisha akaonyesha ile ndoo niliyokuwa nimeiweka chini ya meza. Nilikuwa nimeifungua kidogo kuchungulia. Ilikuwa samli, ya manjano, safi, inanukia maziwa yaliyotikiswa kwa mkono. Samli kama ile bibi yangu alikuwa akiililia mpaka anakufa, akisema ya madukani si samli.

"Toa hiyo," mama akasema. "Sijui imepikwa chungu gani."

Niliitoa mwenyewe, nikavuka uwanja, nikaitia katika pipa la taka la baladia. Nilipoinua kichwa, wifi alikuwa akirudi kutoka ng'ambo, anangoja gari lipite. Aliniona. Alipita karibu nami akaingia ndani, na usiku alipika kama kawaida.

Ijumaa haikuwa na chakula. Mama alisema mgeni ameshakuja, watu hawaji mara mbili. Mtoto akakatazwa kuvuka barabara. Yule mzee akamaliza siku zake akiwa dirishani. Ukirudi kazini ukiinua macho unamwona. Alikuwa akinipungia mkono. Mara ya kwanza niliitikia, baadaye nikawa naegesha gari upande wa nyuma. Siku ya kuondoka wifi alimwomba kaka yangu amchukue mtoto japo mpaka uwanja wa ndege. Kaka akasema mtoto ana kikohozi. Hakuwa na kikohozi.

Miezi saba baadaye, asubuhi, nilimkuta wifi amekaa sakafuni jikoni, simu iko mapajani, jiko linawaka bila chungu juu yake. Mama yake alikuwa amekufa alfajiri. Shinikizo la damu, aliniambia, akanieleza kitaalamu kabisa, namba za juu na namba za chini, kana kwamba mimi ni daktari anayepokea zamu. Kisha akalia. Alilia kwa sauti ambayo nyumba yetu haijaizoea, na majirani wakasikia. Mwanamke mmoja wa darsa, aliyekaa jengo la pili, akaja kuuliza, na wifi akamwambia yote palepale mlangoni: "Mama yangu amefariki. Yule mliyemwona. Alikuwa mama yangu."

Alasiri wanawake wakaja. Walikuja wanne, wamevaa mabaibui, mmoja kabeba sufuria ya uji. Mama aliwaona kutoka dirishani akaniita.

"Kawaambie hapana msiba hapa."

"Mama, wameshajua."

"Wamejua nini? Mimi niliwaambia wazee wake walikufa zamani. Mtu hafi mara mbili. Na kafiri hasomewi, waulize hao wenyewe. Basi wanakuja kufanya nini?"

Nilikwenda mlangoni. Nyuma yangu, mlango wa chumba cha wifi ulikuwa wazi. Kati yetu palikuwa na ukuta mmoja tu. "Hapana msiba," nikawaambia. "Mmefahamu vibaya. Wifi anaumwa tu." Mwenye sufuria alikuwa mwalimu. Aliniangalia muda mrefu, macho yake yakajaa, sikujua ni hasira au ni aibu. Akanipa ule uji, akasema, "Mpe mgonjwa wenu." Tangu siku hiyo hakuja kusomesha kwetu tena, na mama akatafuta mwalimu mwingine.

Wifi alitaka kwenda kuzika na kukaa kwao kidogo, na kwenda na mtoto. Kaka yangu akamwambia mtoto ana skuli. Pasi ya mtoto ilikuwa katika kabati la mama, na funguo ya kabati iko kiunoni kwa mama. Wifi aliondoka peke yake na begi moja. Mlangoni alinishika mkono, mara ya mwisho aliponishika, akaniambia, "Nakuachia mwanangu, wifi. Wewe ndiye mwenye moyo humu ndani." Sijui aliamini alichosema au alikuwa akiniomba niwe hivyo.

Hakurudi, kwa sababu hakurudishwa. Kwanza kaka alimwambia apumzike. Halafu ikama yake, kile kibali cha kukaa, ikaisha akiwa kule, na mwenye kuihuisha ni mume, na mume hakuhuisha. Mwezi wa sita akamtumia talaka kwa sauti kwenye simu. Nilikuwa nimekaa naye kwenye gari alipoirekodi. Alirekodi mara mbili, maana ya kwanza lori lilipita likapiga honi. Mwaka uleule akaoa binti wa ami yetu, akajenga nyumba Al Amerat. Mke mpya hakutaka mtoto wa mtu, basi mtoto akabaki Darsait na sisi.

Mimi ndiye niliyepanga vitu vya wifi katika maboksi mawili ya kusafirisha. Msahafu wake ulikuwa umejaa alama ndogo ndogo za penseli, kila penye kh na gh ameweka nukta, na pembeni ameandika: polepole. Niliufunga kwa khanga nikautia katikati ya nguo usiharibike. Halafu nikachukua kile chumba chake, nikahamishia kitanda changu ndani, karibu na cha mtoto.

Nilipata mtoto. Hilo ndilo lililotokea, na sina namna nzuri ya kulisema. Nilimsuka nywele, nilimpeleka skuli, nilimtibu surua, alianguka akiendesha baiskeli akaniita mimi. Mama alimwambia mtoto kwamba mamake kaenda kwao mwenyewe kwa kupenda kwao zaidi, nami nikanyamaza. Wifi alikuwa akipiga simu Ijumaa. Tulimwambia mtoto kalala, mtoto yuko chuo cha Kurani, mtoto kaenda kwa babake. Mwisho nikabadilisha namba. Mama hakuniambia niibadilishe.

Mtoto alipofika miaka kumi na saba, siku moja tukiwa tunakunja nguo, aliniuliza bila kuniangalia, "Shangazi, mama yangu aliniacha, au mlimfukuza?"

Alikuwa mrefu kama mamake. Nilijaribu kutafuta neno la katikati, sikulipata. Nikamweleza yote kwa taratibu: darsa, yaya, mlango, pasi, simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Yule bibi alijua mimi sikumjua?"

"Alijua."

Siku ya tano akaanza kumtafuta mamake. Ilimchukua wiki moja, kupitia wauguzi waliofanya kazi na mamake zamani. Alipotimia miaka kumi na minane akaenda Al Amerat kwa babake kudai pasi, maana siku hizo ilikaa kwake, na babake akampa bila neno. Nilimpeleka uwanja wa ndege. Mama alijifungia chumbani akasema damu ya kule ndiyo inayomvuta. Uwanjani nilitaka kumkumbatia, akanipa mkono kama watu wa ofisini.

Hilo lilikuwa mwaka jana. Mwezi uliopita nikampigia wifi. Alipokea yeye mwenyewe. Nilimtambua kwa masalkheri yake, aliyoitoa kwa kh na kwa kila herufi mahali pake, vizuri kuliko mimi. Aliniambia binti yupo, hajambo, anasomea uuguzi. Yeye ana kazi kituo cha afya, na jioni anasomesha watoto wachache Kurani barazani kwake. Ndugu zake hawaingii kwake, wanasema alimuua mama yao kwa huzuni. Alilisema hilo bila kupandisha sauti.

"Nimekupigia kukuomba msamaha, wifi," nikamwambia. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nimejitayarisha maneno mengi.

"Nimekusamehe," akasema. "Zamani. Nilisamehe kwa ajili yangu, nipate kusali. Lakini naomba usinipigie tena."

"Na mtoto, naweza..."

"Akitaka atakupigia. Mimi simkatazi mtu." Akasubiri kidogo, kwa adabu, aone kama nina neno. Akanitakia heri, akakata.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, anasubiri wanawake wa darsa. Bado wanakuja, ingawa wamepungua. Masikio yake hayasikii vizuri siku hizi, lakini alijua nilikuwa naongea na nani.

"Kasemaje?" akaniuliza.

"Anakusalimia," nikamwambia.

"Waalayha salaam." Akajifunga shela vizuri. "Umeona? Hana kinyongo. N'nalijua mimi, nilimlea vizuri." Akaniambia niweke zile karatasi laini katikati ya zulia, na nikaziweka.